Mwanasesere Ana Kazi Ndogo: Dhana Potofu Kuhusu Mazoezi ya Kuigiza kwa Wauguzi wa Thieta

"Ni mchezo wa wanasesere." Kauli hii kuhusu mazoezi ya kuigiza dharura na kazi za upasuaji naisikia zaidi kwa wenzetu waliokaa thieta, yaani chumba cha upasuaji, miaka mingi, na siwalaumu sana, maana historia iko upande wao kidogo. Sanamu maarufu ya mwanzo ya kufundishia wauguzi ilitoka kweli mikononi mwa mtengenezaji wa wanasesere: Martha Jenkins Chase wa Rhode Island, Marekani, aliyeiunda mwaka 1911 kwa ajili ya shule ya wauguzi ya Hospitali ya Hartford. Ilikuwa na kimo cha mtu mzima, ikaitwa Bibi Chase, na wanafunzi wakaitumia kujifunza kumgeuza na kumhudumia mgonjwa kitandani. Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Norwei, naye mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto, akatoa sanamu ya Anne, ambayo hadi leo watu huibonyeza kifua na kuipulizia pumzi.

Wanasesere wapo, basi. Lakini katika zoezi la thieta lililopangwa vizuri, aliyelala mezani ndiye mwenye kazi ndogo kuliko wote. Wanaotolewa jasho ni waliomzunguka.

Chukua dharura ambayo muuguzi anaweza kustaafu bila kuiona: dawa ya usingizi inamgeuka mgonjwa, kaboni dayoksaidi inapanda, misuli inakakamaa, mwili unachemka. Dawa yake ni dantrolini. Kichupa cha aina iliyozoeleka kina miligramu 20 za unga, na kila kimoja huyeyushwa kwa mililita 60 za maji safi ya sindano; maji ya chumvi hayafai. Dozi ya kwanza ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa wa kilo 70 anahitaji miligramu 175, yaani vichupa 9, na zaidi ya nusu lita ya maji ya kuvuta kwa bomba la sindano, kusukuma, kutikisa, kuvuta tena. Yote hayo yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Sasa mpe muuguzi mmoja vichupa 9 vya mazoezi, mwekee saa ukutani, umwangalie akifika cha tatu. Vidole vimechoka, unga bado umeganda chini, daktari wa usingizi anauliza kwa mara ya pili "iko wapi?", na mtu aliyepita karibu anamkabidhi dripu ya chumvi kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi. Hapo ndipo anapong'amua kwamba tatizo halikuwa kasi ya mikono yake. Alipaswa kuita watu wawili watatu tangu kichupa cha kwanza.

"Bila sanamu ya gharama inayopumua na kupepesa macho, hakuna mafunzo." Swali la kwanza liwe: unafundisha nini? Ukitaka watu wajifunze kuhesabu gozi, yaani vitambaa vya kufyonza damu, ili kisibaki hata kimoja tumboni mwa mgonjwa, unahitaji gozi, sinia la vifaa, ubao wa kuandikia, na boksi lenye tundu la kuwa tumbo. Sanamu inayopepesa macho haitaongeza kitu.

Ndani ya dhana hii kumejificha nyingine: kwamba kuhesabu ni kuhesabu, nani asiyejua? Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulipitia wagonjwa 54 walioshonwa vitu vikiwa vimesahaulika ndani ya miili yao. Vitu vilikuwa 61, na zaidi ya theluthi mbili vilikuwa gozi. Ajabu ni hii: pale hesabu ilipofanyika, katika asilimia 88 hesabu ya mwisho ilidhaniwa kuwa sawa. Waliohesabu hawakuwa watu wasiojua namba. Namba zilipotea katikati ya kelele, haraka na mazoea.

Kwa hiyo zoezi zuri la hesabu huwa na fujo za makusudi. Wauguzi wawili wanahesabu kwa sauti, gozi zikitenganishwa moja moja. Wakifika saba, simu inaita. Mmoja anajibu, anarudi, anasema "nane". Je, mwenzake atamsimamisha waanze upya rundo lile, au atatikisa kichwa waendelee? Mkufunzi ameficha gozi moja chini ya ukingo wa boksi, na anayeigiza mpasuaji anaomba uzi: "Nafunga." Nimewahi kumwona muuguzi hodari kabisa akiinua uzi, akiangalia ubao, akiangalia mikono ya "daktari", kisha akaukabidhi huku akinong'ona, "Nadhani kuna moja haijaonekana." Alijua. Sauti ndiyo iliyomwangusha. Tulirudia, na mara ya tatu uzi ulibaki mkononi mwake: "Daktari, naomba usifunge. Gozi moja haipo."

"Mzoefu hahitaji, hayo ni ya wanafunzi." Mimi nasema mzoefu ndiye anayeyahitaji zaidi, kwa sababu mazoea yake yameshaganda. Mwaka 2005 huko Uingereza, mama mmoja alipelekwa kwa upasuaji mdogo wa pua. Baada ya kulazwa usingizi, njia ya hewa ikagoma. Madaktari waliokuwapo walikuwa wazoefu, wakaendelea kujaribu kupitisha mpira kooni huku oksijeni ikiporomoka. Muuguzi mmoja alileta seti ya kutoboa koo na kuwaambia ipo tayari. Mwingine alipiga simu kutafuta kitanda cha wagonjwa mahututi, akarudi kutoa taarifa, akaangaliwa kama mtu anayekuza mambo, akaghairi ombi la kitanda hicho. Mgonjwa hakuzinduka, alifariki siku 13 baadaye. Mumewe, rubani kwa kazi yake, ndiye aliyesimama na kuuliza kwa nini watu waliojua la kufanya hawakusikika.

Rubani hawezi kuambiwa kwamba ana saa nyingi angani kiasi cha kusamehewa chumba cha mazoezi. Hurudishwa humo mara kwa mara, na moja ya anayojifunza ni namna ya kumkatiza aliye juu yake. Thieta nayo ina ngazi zake. Katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, watafiti waliunda kipimo kiitwacho SPLINTS kwa ajili ya muuguzi anayenawa na kukabidhi vifaa. Kina makundi matatu: kutambua hali inavyokwenda, mawasiliano na ushirikiano, na kupanga kazi. Ustadi wa kushika koleo haumo kabisa, hupimwa kwingine.

"Ni mtihani wa kuwaumbua watu." Ukiendeshwa vibaya, ndiyo, unaumbua. Nimeona mkufunzi akicheka mbele ya kundi, na aliyechekwa hakurudi tena. Sehemu yenye mafunzo kwa kawaida huja baada ya zoezi, watu wakikaa kwenye viti, na mara nyingi mazungumzo hayo huchukua muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Swali "kwa nini hukusema?" linafunga mdomo. Jaribu hili: "Presha iliposhuka nilikuona umetazama mashine ukanyamaza; ulikuwa unawaza nini?" Jibu mara nyingi ni lile lile: "Nilidhani wa usingizi ameshaona." Geuka umuulize wa usingizi, naye anasema alikuwa ameinama akitafuta mshipa. Hapo chumba kizima hunyamaza kidogo.

"Ukishafanya mara moja inatosha." Haitoshi. Hata kubonyeza kifua, ambako karibu kila muuguzi amefunzwa, kunaanza kufifia ndani ya miezi michache. Vipindi vifupi vya mara kwa mara vinashinda siku moja ndefu yenye cheti mwishoni.

"Kuigiza hakuwezi kuchukua nafasi ya mgonjwa hata kidogo." Wengine husema kinyume chake, kwamba kutaichukua yote. Marekani, baraza la taifa la bodi za wauguzi lilifuatilia wanafunzi wa vyuo 10 na kutoa matokeo mwaka 2014: waliofanya nusu ya saa zao za vitendo kwa kuigiza hawakuachwa nyuma na wenzao waliozifanya karibu zote wodini. Ila kulikuwa na wakufunzi waliofundishwa kazi hiyo. Saa hizo zikiwa mikononi mwa mtu asiyejua kuendesha zoezi ni saa zilizopotea.

"Kwenye mazoezi hakuna anayeweza kudhurika." Hii ndiyo inayonitisha. Mwishoni mwa 2014, huko huko Marekani, mifuko ya maji ya dripu iliyotengenezwa kwa mazoezi tu, isiyo safi kwa kuingizwa mwilini, ilifika katika vituo vya tiba na kuwekewa watu. Zaidi ya 40 waliipokea, na wengi wao waliugua homa na kutetemeka. Mfuko ulifanana mno na ule wa kweli.

Hatari hiyo huongezeka zoezi linapofanyika ndani ya thieta yenyewe, jambo ambalo kwa upande mwingine ni zuri sana, kwani ndipo unapogundua kuwa mashine ya kushtua moyo imefungiwa kwenye stoo na funguo anazo mtu aliye likizo. Sisi kila kichupa cha zoezi tunakiandika SI KWA MGONJWA kwa wino mwekundu, pande zote mbili. Boksi la zoezi likiingia watu wawili wanahesabu kwa sauti, likitoka wanahesabu tena. Simu ikiita katikati, wanaanza upya.