Kalibresheni ya kromatografia ya gesi katika kupima gesi zilizoyeyuka majini

Kalibresheni ni kazi ya kuipa mashine sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana, ili majibu yake yaweze kusomwa kama kiasi halisi. Mizani ya muuza dagaa katika soko la Mwanga, Kigoma, huhakikiwa kwa mawe ya uzito unaojulikana. Kromatografia ya gesi huhakikiwa kwa gesi sanifu, yaani gesi ya mtungi ambayo kiwango chake kimethibitishwa. Mashine hutenganisha gesi ndani ya bomba jembamba, kisha kihisi huchora kilele kwa kila gesi. Eneo la kilele halina maana mpaka lilinganishwe na vilele vya gesi sanifu za viwango kadhaa, ambavyo vikipangwa kwenye grafu hutoa mstari wa kusomea.

Tuchukue maji ya Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake hufikia karibu mita 1,470, na ambalo tabaka zake za chini, zisizo na oksijeni, zina methani nyingi iliyoyeyuka. Maji yenyewe hayaingizwi kwenye mashine. Hujazwa katika chupa ya kioo pasipo kubaki kiputo hata kimoja, hufungwa kwa kizibo cha mpira, kisha sehemu yake hutolewa kwa sindano huku naitrojeni safi ikichukua nafasi hiyo. Chupa hutikiswa kwa nguvu mpaka gesi igawanyike kati ya maji na nafasi ya juu, na inayopimwa ni gesi ya nafasi hiyo.

Kwa hiyo mstari wa gesi sanifu ni nusu tu ya kazi. Kilichobaki majini hukokotolewa kwa kanuni ya Henry, inayohusisha gesi iliyoyeyuka majini na gesi iliyo juu yake, kwa kufuata joto la chupa wakati wa kutikiswa. Maji na gesi vikiwa na ujazo sawa, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, methani inayosalia majini ni kama asilimia 3 tu, hivyo kosa dogo la joto halitishi. Hewa ya ukaa ni mtihani mwingine: inayosalia hukaribia nusu, na katika maji yenye alkali kama ya Tanganyika, bikaboneti, yaani chumvi ya hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, huizalisha upya kadiri inavyotoka.

Mgandamizo wa hewa nao husahaulika mno. Uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo sindano ya mililita 1 iliyojazwa Kigoma hubeba gesi pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko iliyojazwa Dar es Salaam. Gesi sanifu na sampuli zidungwe mahali pamoja, kwa ujazo uleule na katika joto lilelile. Mstari uliochorwa pwani ukitumika Kigoma, kila jibu litakuwa chini ya kiasi halisi kwa kiwango hicho.