Mkanda wa injini unaolia hautibiwi kwa mafuta

Madereva wengi huamini kwamba mkanda wa injini, ambao wengi huuita fenibelti, unapolia asubuhi dawa yake ni kuupaka grisi, sabuni au mafuta ya kupuliza. Kelele hunyamaza kweli, na hapo ndipo udanganyifu ulipo, kwa sababu mkanda huzungusha alteneta, yaani jenereta ya umeme wa gari, kwa msuguano, na kilichopakwa huupunguza msuguano huohuo, huku mafuta yakiivimbisha na kuilainisha raba.

Kipimo rahisi ni maji. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, mikono na nguo zikiwa mbali. Kelele ikizidi, mkanda unateleza, yaani umelegea au kikaza mkanda kimechoka. Ikitoweka kwa muda kisha ikarejea, yamkini puli, yaani magurudumu yanayopitiwa na mkanda, hazijakaa katika mstari mmoja. Isipobadilika kabisa, ningeshuku beringi.

Mkanda mpya pekee hautoshi ikiwa maji ya rejeta au oili bado vinauvujia. Wala kutokuwepo kwa nyufa si ushahidi wa uzima, kwa kuwa mikanda ya kisasa mara nyingi huisha kwa kulika mifereji bila kupasuka.