Kupukutisha majani si kufa

Hapa Mtwara, fikasi, ule mmea wa chungu wa sebuleni, ikidondosha majani, la kwanza utakalosikia ni "huu umekufa", na la pili ni "umwagie maji". Yote mawili yanaudhi, kwa sababu mmea uliokufa hauwezi kupukutisha.

Kupukutisha ni mmea kuliachia jani lake wenyewe, pale kikonyo kinapoungana na shina, na kuliziba kovu. Ni kazi, na kazi inahitaji uhai. Jani lenye afya hutuma homoni ya oksini kuelekea shinani, na maadamu inapita, kiungo kinashika. Jani likizeeka, likikosa mwanga, au mizizi ikiugua, oksini hupungua na kiungo huanza kuitikia ethilini, gesi ambayo mmea wenyewe huitoa. Hapo seli za kiungo hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha kile kilichoshikanisha kuta zake. Jani la kizee hugeuka njano kwanza kwa kuwa mmea unaondoa naitrojeni yake na kuipeleka kwingine.

Ethilini tunaishi nayo bila kuitaja: ni gesi ileile inayoivisha ndizi ukizivundika. Mwaka 1901 Dimitry Neljubov, huko Urusi, alionyesha kwamba ethilini iliyokuwemo katika gesi ya kuwashia taa ndiyo iliyopotosha ukuaji wa miche ya njegere. Basi tenga la maembe yanayoiva lisikae kando ya chungu cha maua ndani ya chumba kilichofungwa.

Sasa kunyauka. Kunyauka ni seli kupungukiwa maji, jani likalegea huku bado limeshikwa. Likiwahiwa, husimama tena siku hiyohiyo. Na jani lililouawa ghafla ni jambo la tatu kabisa. Mkorosho ukipogolewa, tazama matawi yaliyoachwa chini: majani yanakauka, yanakuwa ya kahawia, yanakatika vipande ukiyashika, lakini vikonyo vimeng'ang'ania tawi. Tawi limekufa kabla ya kuwahi kuyaachia. Mibuyu ya Mikindani nayo inabaki mitupu kiangazi na hakuna anayeitangazia msiba. Inapunguza upotevu wa maji, mvua zikirudi inachipua. Kwa nini mmea wa chungu tuuhukumu kwa sheria nyingine?

Kwa hiyo kabla ya kushika jagi, chomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa na unyevunyevu chini, usiongeze maji. Mizizi iliyozama hukosa hewa, huoza, na mmea hupukutisha zaidi, nawe unazidi kumwagia. Inua chungu uone kama tundu la chini limeziba na kama sahani inashikilia maji. Udongo ukiwa mkavu hadi ndani, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha uache.

Jani moja moja la chini likigeuka njano na kuanguka, huo ni uzee, liache liende. Krotoni au fikasi iliyotolewa barazani ikawekwa chumba chenye giza na upepo wa kiyoyozi hupukutisha kwa sababu ya mabadiliko hayo. Itafutie mahali penye mwanga, kisha usiihamehame. Kila uhamisho ni mshtuko mwingine. Mbolea isubiri machipukizi. Na majani mabichi yakidondoka kwa wingi, geuza yaliyobaki uangalie wadudu upande wa chini.

Ukitaka kujua kama mmea umekufa kweli, kwangua gome la tawi kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, mmea upo. Pakiwa pa kahawia na pakavu, shuka chini kidogo ukwangue tena, maana tawi linaweza kufa na shina likabaki zima.

Basi, ndugu zangu, majani yakiwa sakafuni semeni "unapukutisha". Anayekusikiliza atakuuliza udongo ukoje na chungu kimehamishwa lini, na hayo ndiyo maswali yanayosaidia.