Jumapili ugenini: uvumi kuhusu kupata ibada nje ya nchi, na ukweli wake

Anayekwenda Dubai kuchukua mzigo, Muscat kwa kazi za ndani, Guangzhou kujaza kontena au Ujerumani kusoma hupewa ushauri mpaka anachoka. Habari ya viza, ya baridi, ya wezi wa simu. Ushauri kuhusu ibada nao haukosekani, ila mara nyingi anayeutoa hajawahi kufika. "Huko makanisa hakuna." "Wazungu wameyageuza baa." "Bila barua ya mchungaji hawakupokei." Matokeo yake mtu anakaa hotelini Jumapili nzima akifuatilia ibada ya nyumbani kwenye simu, bando linaisha, na kumbe kanisa liko vituo vichache tu vya treni.

"Uarabuni hakuna makanisa"

Kwa nchi za Ghuba, maneno haya ni kweli kwa Saudi Arabia peke yake. Huko hakuna jengo la kanisa, na ibada ya hadhara ya dini isiyo ya Kiislamu hairuhusiwi. Anayesaini mkataba wa kazi Riyadh au Jeddah ajue hilo mapema, asije akalijua akiwa amekwishafika.

Emirates, Oman, Qatar, Bahrain na Kuwait ni habari nyingine. Zote zina makanisa yanayojulikana na serikali, mengine yakiwa yamejengwa kwenye viwanja vilivyotolewa na watawala wenyewe. Kanisa Katoliki la Moyo Mtakatifu pale Manama, Bahrain, lipo tangu 1939. Mwaka 2021 nchi hiyohiyo ilifungua kanisa kuu la Bikira Maria wa Arabia huko Awali. Februari 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa katika uwanja wa michezo wa Abu Dhabi, mchana kweupe, mbele ya umati mkubwa.

Kwa kuwa wafanyabiashara wetu wengi hufikia Deira, tuanze na Dubai. Ukiwa maeneo ya Baniyas Square unapanda metro ya laini ya kijani, unapita chini ya hori la bahari, na baada ya BurJuman unashuka Oud Metha. Hapo kuna kanisa la Mtakatifu Maria la Wakatoliki, na jirani yake Holy Trinity la Waanglikana, ambalo kumbi zake hutumiwa na vikundi vingi vya madhehebu mengine, wakiwemo walokole. Usitegemee kuona msalaba mrefu juu ya paa wala kusikia kengele. Utakachokiona ni watu: Wafilipino na watoto wao, Wahindi wa Kerala na Goa, Waafrika wa kila namna, kundi moja likitoka na jingine likisubiri kuingia. Misa pale husomwa kwa Kiingereza, Kitagalogi, Kimalayalamu, Kiarabu na lugha nyingine kadhaa, kwa hiyo soma ratiba vizuri usije ukajikuta katikati ya Misa ya Kitamil ukisubiri mahubiri uyaelewe. Aliyefikia upande wa Jebel Ali naye ana eneo lake lenye makanisa kadhaa, likiwemo la Mtakatifu Fransisko wa Asizi.

Doha makanisa yamewekwa pamoja katika eneo moja huko Mesaimeer, nje kidogo ya katikati ya jiji. Kanisa Katoliki la hapo, Bikira Maria wa Rozari, lilifunguliwa 2008 na halina msalaba kwa nje. Ukaguzi wa usalama mlangoni ni wa uhakika, kwa hiyo begi kubwa liache hotelini.

Muscat, nenda Ruwi. Kuna kanisa la Watakatifu Petro na Paulo la Wakatoliki, na Waprotestanti nao wana mahali pao papo hapo. Mtaa uitwao Ghala nao una makanisa. Na kwa kuwa Waomani wengi wana asili ya Unguja na Pemba, usishangae ukielekezwa njia ya kanisani na mzee wa Kiislamu kwa Kiswahili kisafi kuliko chako.

Mipaka ipo, na si ya kuchezea. Usigawe vipeperushi, usimhubirie Mwislamu barabarani, na usigeuze chumba cha kupanga kuwa kanisa la watu thelathini na spika. Ibada hufanyika mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Wenzetu waliozoea mkesha wa sebuleni hapo ndipo wanapojiingiza matatani.

"Jumapili ni Jumapili duniani kote"

Uvumi huu haumtishi mtu, na ndiyo maana unawakosesha ibada wengi kuliko ule wa kwanza. Oman, Qatar, Kuwait na Bahrain mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kazi. Kwa hiyo ibada kubwa, yenye kwaya na shule ya watoto, huwa Ijumaa, na kwa Wakatoliki Misa hiyo ya Ijumaa kwa kawaida hutumia masomo ya Jumapili. Anayefika Ruwi Jumapili saa 4 asubuhi akitegemea umati anaweza kukuta mlinzi na paka. Ibada za Jumapili zipo, lakini nyingi ni za jioni, watu wakishatoka kazini.

Emirates walibadilisha utaratibu. Tangu 1 Januari 2022 mapumziko yao ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Ratiba za makanisa zikabadilika pia, ila baadhi ya vikundi vimebaki na ibada ya Ijumaa. Ratiba uliyotumiwa na shangazi aliyefanya kazi Sharjah mwaka 2015 ifute kwenye simu.

Ulaya na Marekani kuna mtego mwingine, wa saa. Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani ni Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Angalia siku yenyewe: ni Jumapili, alfajiri, watu wamelala. Simu hujirekebisha, saa ya mkononi haijirekebishi. Mwezi Machi mwenye kutegemea saa ya mkononi hufika watu wakiwa wanabarikiwa kuondoka.

Addis Ababa, ambako wengi wetu hulazimika kulala tukisubiri ndege, saa huhesabiwa kama zetu, kuanzia mapambazuko. Tatizo lao ni kalenda. Krismasi ya Waorthodoksi wa Ethiopia huangukia 7 Januari, na Pasaka yao mara nyingi haiwi siku moja na yetu: mwaka 2024 yetu ilikuwa 31 Machi, yao 5 Mei. Ukiingia katika kanisa lao utavua viatu, na hutapokea ushirika ikiwa si mmoja wao. Kusimama na kusali, karibu.

"Misa ya lugha nisiyoielewa haihesabiki"

Kwa Wakatoliki jibu limeandikwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, inasema aliyeshiriki Misa popote inapoadhimishwa kwa riti (utaratibu wa ibada) ya Kikatoliki, siku yenyewe au jioni ya kuamkia, ametimiza wajibu wake. Lugha haikutajwa. Misa ya Jumamosi jioni inatosha. Hata ya Wahindi wa riti ya Siro-Malabari, yenye uvumba mwingi na nyimbo usizowahi kuzisikia, inatosha, kwa sababu nao ni Wakatoliki walio chini ya Papa. Na pale ambapo kweli hakuna Misa, kanuni hiyohiyo inahimiza sala, peke yako au na wenzako. Haikuhukumu.

Kwa Waprotestanti uzito uko kwenye Neno, na mahubiri ya dakika ishirini kwa Kifini ni kazi. Beba Biblia yako ya Kiswahili: namba za sura na mistari huwa ubaoni au kwenye karatasi ya ibada, na hizo zinasomeka kwa lugha yoyote.

"China ukionekana kanisani unafukuzwa nchini"

Muulize yeyote aliyekaa Guangzhou. Kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe ya matale kati ya 1863 na 1888, liko barabara ya Yide, katikati ya maduka ya jumla ya midoli na vyakula vikavu. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kulipita mara tatu kwa siku akitafuta bei nzuri bila kujua kwamba Jumapili alasiri kuna Misa ya Kiingereza inayojaa Waafrika.

Lililo kweli ni kwamba serikali ya China inadhibiti dini kwa karibu. Mgeni anaruhusiwa kusali katika makanisa yaliyosajiliwa. Kuhubiri, kuanzisha kikundi au kugawa maandiko haruhusiwi. Baadhi ya makusanyiko ya wageni huomba pasipoti mlangoni, kwa kuwa ni ya wageni tu. Beba pasipoti. Beba pia jina la kanisa kwa herufi za Kichina kwenye picha, maana ramani ya Google huko haifunguki kwa intaneti ya kawaida na dereva wa teksi hatakuelewa ukitamka "katedrali".

"Ulaya makanisa yamekufa, na yaliyobaki ni ya kulipia"

Ya kulipia ni utalii. Westminster Abbey pale London hutoza mtalii zaidi ya pauni 25. Anayekuja kusali halipi hata senti. Mwambie mlinzi umekuja kwenye ibada, atakuonyesha mlango. Hivyo hivyo St Paul's, na Notre-Dame ya Paris iliyofunguliwa tena Desemba 2024 baada ya kuungua haina kiingilio kabisa. Sagrada Família ya Barcelona ina Misa ya kimataifa Jumapili saa 3 asubuhi, bure, ila viti ni vya waliowahi.

Kufa ni neno kali, ingawa waumini wamepungua kweli. Vijijini Ufaransa padre mmoja hubeba makanisa kumi au zaidi, na Misa huzunguka: wiki hii kijiji hiki, wiki ijayo kingine. Mlango uliofungwa Jumapili hauna maana kwamba hakuna ibada. Ina maana leo iko kilomita nane mbele. Maaskofu wa Ufaransa wana tovuti yao ya ratiba, messes.info. Kanisa la Uingereza lina achurchnearyou.com. Zitumie hizo kuliko saa unazoziona kwenye ramani, ambazo mara nyingi ni za kufungua jengo kwa watalii.

Na kodi ya kanisa ya Ujerumani, inayowatisha wanafunzi wetu: ipo, ni asilimia 8 au 9 ya kodi ya mapato kutegemea jimbo, na hukatwa mkazi aliyejiandikisha kuwa mwumini na mwenye kulipa kodi ya mapato. Mgeni wa wiki mbili akikaa benchi la nyuma hakatwi chochote.

"Dhehebu langu halipo huko"

Lipo, kwa jina jingine. Mmoravian wa Mbeya au Tabora akitafuta "Moravian" Ujerumani atapata kidogo sana, wakati huko ndiko kanisa lake lilikoanzia upya, Herrnhut, mwaka 1722. Wenyewe hujiita Herrnhuter Brüdergemeine. Mwumini wa KKKT, yaani Mlutheri wa Tanzania, naye akitafuta neno "Lutheran" pekee anaweza kuangukia kanisa dogo lililojitenga, ilhali makanisa makubwa ya Kilutheri yameandikwa "Evangelisch", neno ambalo halina uhusiano na ulokole. Mpresbiteri wa PCEA kutoka Kenya akiwa London, Kanisa la Scotland, ambalo nalo ni la Kipresbiteri, lina usharika wake huko, St Columba's, mtaa wa Pont. Waanglikana wana makanisa yao ya Kiingereza katika miji mingi ya Ulaya, kuanzia Paris hadi Vienna na Roma.

Mlutheri asiyeona usharika wake Uingereza aende kwa Waanglikana bila wasiwasi. Kanuni zao zinamkaribisha mezani mwumini mwenye kushiriki chakula cha Bwana katika kanisa lake mwenyewe.

Barua ya utambulisho haitakiwi kwa kuhudhuria. Utaihitaji ukitaka kuoa, kubatiza mtoto au kuhamia. Sadaka: Sweden watu wengi hutoa kwa simu kupitia Swish, ambayo inataka akaunti ya benki ya huko, hivyo ukikosa cha kutoa hakuna atakayekutazama. Mavazi: mabega na magoti yafunikwe hasa Italia, na kitenge kinafaa kila mahali. Ibada ikiisha kwa dakika hamsini na mtu asikusalimie, usijihesabie kutengwa. Ndivyo wanavyosalimiana wao kwa wao pia.

Kiswahili kama ndicho unachokitaka, Marekani kipo zaidi ya unavyodhani, kwa sababu ya wakimbizi wa Kongo na Burundi. Makusanyiko yao mengi huazima jengo la kanisa jingine na kuabudu mchana, wenyeji wakishatoka, kwa hiyo ubao wa nje hauwataji. Ulizia kwenye duka linalouza unga wa muhogo na dagaa. Ujerumani, jimbo la Bavaria, iko abasia (monasteri kubwa) ya Wabenediktini ya St. Ottilien, iliyotuma wamonaki walioanzisha misheni za Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Piga simu kabla ya kwenda, uliza kama yupo mmonaki aliyewahi kukaa Tanzania, na ukiunganishwa naye anza na "Tumsifu Yesu Kristo".