Silabi moja, mapigo manne: ninavyotunga fumbo linaloimbika

Jumamosi moja jioni, baada ya mazoezi, niliwagawa vijana wa kwaya yetu makundi mawili nikawaambia kuwa tuni ya vipimo vinne niliyowafundisha ina neno ndani yake. Hakukuwa na maneno ya kuimba, nota za solfa tu. Baada ya dakika kama 40 kundi la kwanza likaja mbio, kitabu cha nyimbo mkononi: "Mwalimu, tumepata! Jibu ni kitabu!"

Jibu lilikuwa KITABUNI. Karatasi ya hatua iliyofuata nilikuwa nimeichomeka ndani ya kitabu kile kile walichokishika, na hakuna hata mmoja aliyekifunua. Kosa lilikuwa langu mimi mtunzi. Lakini kabla ya kulieleza, ngoja nioneshe fumbo lenyewe linavyosukwa, maana naona watu wengi hudhani kuficha neno ndani ya muziki ni kazi ya kutaja herufi za nota basi.

Njia hiyo ya kutaja herufi ni ya zamani na ina heshima zake. Wajerumani huita B nota ambayo Waingereza huiita B-flati, na ile ambayo Waingereza huiita B wao huiita H. Ndiyo maana mtunzi Johann Sebastian Bach aliweza kulipiga jina lake mwenyewe, B-A-C-H, likawa nota nne. Mwaka 1909, miaka 100 tangu mtunzi Haydn afariki, watunzi kadhaa wa Ufaransa, Debussy na Ravel wakiwamo, walitunga vipande juu ya jina lake. Kwa kuwa nota zina herufi saba tu, herufi nyingine zilirudishwa kwenye zile zile saba, na jina HAYDN likatoka B-A-D-D-G kwa majina ya Kiingereza. Tazama hizo D mbili: moja ni Y, nyingine ni D yenyewe. Kama heshima kwa marehemu, ni jambo zuri kabisa. Kama fumbo, halifumbuliki, kwa sababu msikilizaji akiisikia D hana njia ya kujua ni herufi ipi. Mimi siliiti fumbo kitu ambacho mfumbuaji anaweza kufanya kila kitu sawasawa na bado akakosa.

Suluhisho nililipata kwa Mgiriki. Polybius, mwanahistoria wa karne ya 2 kabla ya Kristo, alieleza namna ya kupelekeana habari usiku kwa mienge. Unaigawa alfabeti mafungu matano. Mienge ya kushoto inataja fungu, ya kulia inataja herufi ndani ya fungu hilo. Kigiriki kina herufi 24, hivyo fungu la mwisho lilipungukiwa moja. Waingereza, wenye herufi 26, wakilitumia jedwali hilo la vyumba 25 hulazimika kuwabananisha I na J chumba kimoja. Sisi hatuna shida hiyo. Toa Q na X ambazo Kiswahili hakizihitaji, zinabaki 24, idadi ile ile ya Polybius. Chumba cha 25 nimeipa ng' ya ng'ombe.

Vyumba vitano kwa vitano. Na ngazi ya nota tano, do re mi so la, bila fa wala ti, ndiyo ngazi ya nyimbo nyingi mno za asili. Haina nusu toni, ile hatua fupi kabisa kati ya nota mbili, hata moja, kwa hiyo sauti mbili zikikutana hazikwaruzani. Kila herufi inakuwa nota mbili: ya kwanza inataja mstari wa jedwali, ya pili inataja safu. Nilipoliona hilo sikulala mapema usiku ule.

Jaribio la kwanza halikuimbika. Nilipanga herufi kwa mfuatano wa kawaida, A mwanzo kabisa, nikafumba neno HARAKA. Likatoka hivi, kila nota ikiandikwa kwa herufi yake ya kwanza na mstari wima ukitenga vipimo:

r m d d | s r d d | m d d d

Kila A ni do-do, na Kiswahili kimejaa A. Chukua methali "Haraka haraka haina baraka": ina herufi 23, na 11 kati yake ni A. Tuni inapiga hatua moja inarudi kusimama pale pale. Nikajaribu kuanza jedwali kwa neno kuu NGOMA, nikalipanga kwa mlalo. Safari hii nota zilitembea, lakini hakuna irabu hata moja iliyoishia kwenye do. Maneno yetu mengi mno huishia na irabu, kwa hiyo kila ujumbe ukawa unakatika njiani kama mtu aliyeitwa katikati ya sentensi.

Neno lililokubali ni KINANDA. Ondoa herufi zinazojirudia, unabaki na K, I, N, A, D. Zipange kwenda chini katika safu ya kwanza, kisha herufi zilizobaki zifuate safu baada ya safu:

. . d r m s l
d : K B H P V
r : I C J R W
m : N E L S Y
s : A F M T Z
l : D G O U Ng'

Sasa ziimbe irabu, mstari kwanza, safu baadaye. A ni so-do. I ni re-do. E ni mi-re, O ni la-mi, U ni la-so. Zote tano zinashuka, na zile mbili tunazozitumia kila mara, A na I, zinatua nyumbani kwenye do. Neno KITABUNI linakuwa:

d d r d | s s s d | d r l s | m d r d

Liimbe kwa sauti, tafadhali, usilisome kwa macho tu. Ni tuni kamili. Kipimo cha tatu kinapanda mpaka la, cha nne kinarudi chini taratibu. Sikuigusa hata nota moja ili iwe nzuri; lugha ndiyo iliyoitunga.

Na hapa ndipo penye utamu ninaoutaka wasomaji wapenda lugha wauone. Silabi yetu ya kawaida ni konsonanti moja na irabu moja. Herufi mbili, nota nne. Maana yake kila silabi ni kipimo kimoja cha mapigo manne, na kila kipimo kinafungwa na irabu. Kiingereza hakiwezi kukupa hili. Jaribu kulipanga neno "strengths" uone vipimo vinavyovurugika. Panapokuja konsonanti mbili, kama CH au MB, naziimbisha kwa nusu mapigo ili kipimo kibaki vile vile, na mfumbuaji akisikia nota za mbio anajua kuna mbili zimebanana. Irabu ikiwa peke yake, kama A ya mwisho katika FUNUA, nota zake zinavutwa mapigo mawili mawili.

Mpangilio huo ndio mlango wa fumbo. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad katika karne ya 9, aliandika namna ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu alama zipi zinajitokeza mara nyingi. Kwenye tuni yangu huna haja ya kuhesabu kila kitu. Sikiliza mwisho wa vipimo tu. Ukiona kuna miisho mitano na haizidi, umeshazishika irabu, na ule unaorudi kupita yote una dalili zote za kuwa A. Vijana wangu waligundua hilo bila kuambiwa: mmoja wa waimba alto ndiye aliyesema, "Mbona kila kipimo kinaangukia sehemu zile zile?" Baada ya swali hilo kazi ilianza kwenda.

Fumbo lisilo na mlango ni ukatili. Mtunzi Edward Elgar mwaka 1897 alimwandikia rafiki yake Dora Penny barua fupi ya alama 87, vijipinde vya duara vinavyotazama huku na kule. Dora hakuifumbua, na mpaka leo hakuna ufumbuzi uliokubalika na wote. Alama 87 ni chache mno kwa mtu wa nje asiye na pa kushika. Naipenda sana kazi ya Elgar, lakini barua ile huwa naikumbuka kila ninapotaka kuongeza tabaka jingine la ugumu.

Hata hivyo tabaka moja zaidi lina nafasi yake, na kwaya inalibeba vizuri, kwa sababu kwaya ina sauti zaidi ya moja. Zipe nota namba: d ni 0, r ni 1, m ni 2, s ni 3, l ni 4. Besi waimbe kila kipimo tuni ile ile, s m r d, bila kubadilisha. Soprano wao waimbe nota ya fumbo ikijumlishwa na nota ya besi; ukivuka 4 unaanza tena kwenye do. Hii ni mbinu ya karne ya 16, Giovan Battista Bellaso aliichapisha mwaka 1553, ingawa dunia imeizoea kwa jina la Vigenère. Tofauti ni kwamba ufunguo, yaani tuni ya besi, hapa haufichwi mfukoni. Unaimbwa mbele ya watu wote.

Tuchukue silabi KI, yaani d d r d. Do na so ya besi: 0 na 3, inakuwa so. Do na mi: mi. Re na re: 1 na 1, mi. Do na do: do. Soprano wanaimba s m m d, na chini yao besi s m r d. TA, ambayo ni s s s d, inakuwa r d l d. Besi wanaishia do makusudi: do ni sifuri, haibadilishi kitu, kwa hiyo pigo la mwisho la soprano linabaki lilivyokuwa na tuni bado inatua. Pia wanamsaidia msikilizaji kujua do iko wapi, jambo la lazima, maana solfa haijali umeanzia sauti gani. Na kwa kuwa ufunguo una urefu wa kipimo kimoja, ile miisho mitano bado ni mitano, imebadilika sura tu. Mlango haujafungwa.

Sasa kosa langu. Nilitaka na tabaka la tatu liwe la nyumbani, nikachagua kinyume, lugha ya watoto ya kuichukua silabi ya mwisho na kuitanguliza. Chakula kinakuwa "lachaku". Tulikuwa tukiisema mbele ya wakubwa tukidhani hawaelewi. Ni mbinu ya kupangua silabi, na kwenye tuni ina maana nzuri sana: kipimo cha mwisho kinakuja mbele. Nikaifumba KITABUNI kwa kinyume kwanza. Ikawa NI-KI-TA-BU.

Soma tena. Ni kitabu. Vijana walipoondoa besi na kusoma jedwali walikutana na sentensi safi ya Kiswahili yenye maana iliyokamilika, wakaacha hapo. Nani asingeacha? Na si neno hili tu: kila neno la mahali lenye -ni litakufanyia hivyo. Jikoni inakuwa "ni jiko", darini inakuwa "ni dari". Kiambishi cha mahali kinageuka kuwa "ni" ya kuunganisha, na mfumbuaji wa hatua ya kati anashika jibu la uongo linalong'aa kama la kweli. Niliwaomba radhi, nikawapa pointi zao zote, na nilipofika nyumbani nikaandika upya.

Toleo la sasa linaficha FUNUA KITABU, kinyume kikifanywa neno kwa neno: "afunu bukita". Hakuna Mswahili atakayesimama hapo akadhani amefika. Kabla ya besi tuni yake ni hii, vistari vikiwa vya kuvuta sauti:

s - d - | s r l s | m d l s | d r l s | d d r d | s s s d

Vipimo vitatu mfululizo vinaning'inia kwenye la-so, ndizo zile U tatu, halafu viwili vya mwisho vinashusha mzigo. Kabla sijaipeleka kwenye mazoezi huwa namwimbia jirani yangu ambaye hajui lolote kuhusu fumbo. Akiweza kuirudia baada ya kuisikia mara tatu, naiacha. Asipoweza, nabadilisha neno la kufichwa, sibadilishi nota, maana nota moja ikiguswa kwa ajili ya uzuri ujumbe umeharibika na mfumbuaji amedanganywa.

Hili hapa la kwenu. Ni neno moja, limepita kinyume, jedwali la KINANDA na besi, kwa mpangilio huo. Besi wanaimba s m r d kila kipimo. Soprano:

r r l d | d d m d | s m m d | d l m d