Mkono wangu hauna kasi, na kurudia polepole sirudii

Sijui nani aliwaambia watu kwamba mazingaombwe ya mezani ni mashindano ya mbio kati ya mkono na jicho. Mimi nazunguka meza kwa meza kwenye harusi na sendofu hapa Kigoma, Mwanga, Gungu, Ujiji huko, na hakuna ukumbi usio na mjomba mmoja aliyevua koti, kaegemea kiti, anasema "dogo una mkono mwepesi, ni kasi tu hiyo, hebu rudia polepole nikukamate." Na meza nzima inatikisa kichwa eti kasema la maana. Jamani. Leo tumalizane manake nimechoka kujibu kwa kutabasamu.

Mkono hauna kasi kuliko jicho na haujawahi kuwa nayo. Mwaka 1896 mwanasaikolojia wa Marekani, Joseph Jastrow, aliwapima wanamazingaombwe wawili waliokuwa na jina kubwa enzi hizo, Alexander Herrmann na Harry Kellar, wepesi wa mikono, wepesi wa kuhisi kwa kugusa, muda wa kuitikia wakipewa ishara. Hamna cha ajabu kilichoonekana, walikuwa watu wa kawaida tu. Kwa hiyo jibu liko wazi tangu kabla reli haijafika Kigoma, ila mjomba bado anang'ang'ania mkono mwepesi.

Na hata ningekuwa na kasi ingeniumbua. Jicho linaona kwa usahihi kasehemu kadogo sana, nyoosha mkono uangalie ukucha wa kidole gumba, ni kama hapo tu, kwingine kote kuna ukungu na ubongo ndo unajazia. Ila huo ukungu una kazi moja unaiweza sana: kitu kikichomoka ghafla pembeni, macho yanaruka huko yenyewe hata hujayatuma. Sasa mimi nikichomoa mkono haraka si nimekuita uje uone ninachoficha? Ndo kosa la kwanza la kila kijana anayekuja kwangu kujifunza, akifika kwenye ile sehemu ya ujanja anaharakisha, na mtu aliyekuwa anaangalia simu anainua kichwa. Ujanja unafanywa kwa mwendo uleule unaowekea soda mezani.

Ngoja nikuoneshe kwa karibu. Chukua sarafu ya mia tano, ile ya nyati. Nimeishika kwa ncha za vidole vya kulia, kila mtu anaiona. Mkono wa kushoto unakuja kuichukua, vidole vinafunika kwa mbele, na pale vinapofunika kulia kunailegeza tu, inateleza inalala kwenye mkunjo wa kidole cha kati na cha pete. Kushoto kunafunga ngumi tupu, kunaondoka. Mpaka hapo hujafanya kitu, mtoto wa darasa la pili anakukamata. Kazi inaanza sasa: macho yangu yanaondoka na ngumi ya kushoto, kichwa kinageuka, na bega linafuata kidogo. Mkono wa kulia haujifichi wala haukimbii, unashuka umelegea zako kabisa, usiukaze maana mkono unaobana kitu unajulikana. Halafu nauliza, "mama mdogo, hii mia tano yako ulirudishiwa chenji wapi?" Hapo kwisha. Mtu akiulizwa anamtazama usoni anayemuuliza, na kichwani anaenda kutafuta jibu, na huwezi kutafuta jibu huku unalinda mkono wa mtu, akili haigawanyiki hivyo. Kulia kunaenda mfukoni kuchukua peni, kweupe, polepole, sarafu inabaki humo humo mfukoni. Narudi na peni nagonga ngumi, na sasa ndo mjomba anajisogeza mbele, anakodoa, yuko makini kuliko watu wote ukumbini, analinda ngumi ambayo iko tupu tangu kitambo.

Yaani ujanja unaisha kabla hajajua kama umeanza, halafu ananiambia rudia polepole, wakati nilikuwa polepole muda wote! Anachotaka kiukweli ni kurudia, hilo la polepole ni kisingizio. Na kurudia ni kweli kunanimaliza, sio kwa sababu ya kasi, ni kwa sababu safari ya pili unajua mwisho wake, kwa hiyo akili yako haikubali tena kwenda ninakoipeleka. Uingereza Gustav Kuhn, ambaye ni mwanasaikolojia na mwanamazingaombwe pia, alifanya utafiti na mwenzake Ben Tatler, ukatoka 2005. Mtu anataka kuwasha sigara mbele ya mtazamaji, sigara inapotea. Inapotelea wapi? Anaidondosha mapajani tu, hadharani, wala haifuniki na kitu. Mara ya kwanza wengi hawakuiona ikidondoka, mara ya pili wakaiona. Na walikuwa wamevalishwa vifaa vya kufuatilia macho, ikaonekana kwamba aliyeona na ambaye hakuona hawatofautiani kwa mahali macho yalipokuwa. Umeelewa hapo? Jicho linaweza kuwa mahali na mwenyewe usiwepo.

Kuna ile nyingine ya Marekani ya 1999, Daniel Simons na Christopher Chabris, watu waliambiwa wahesabu pasi za mpira kwenye video, katikati ya wachezaji akapita mtu kavaa nguo ya gorila, yule sokwe mkubwa, akasimama akajipiga kifua. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Sokwe mzima! Sisi wa Kigoma na hifadhi yetu ya sokwe ya Gombe tungejisifu hapa kwamba tusingemkosa, tungemkosa vilevile.

Ila inayonimaliza mimi ni ya mpira, Kuhn tena na Michael Land, 2006. Mwanamazingaombwe anarusha kampira juu anakadaka, anarusha tena anakadaka, mara ya tatu mkono unaenda juu ila mpira umebaki kiganjani. Akiinua macho juu kana kwamba anaufuata, karibu theluthi mbili ya watazamaji wanasema waliuona mpira ukiondoka mkononi. Akibaki anaangalia mkono wake mwenyewe, wanaodanganyika wanashuka mpaka kama theluthi moja. Na macho yao yalikuwa wapi? Kwa wengi yalikuwa usoni kwake, hayakwenda juu kuufuata huo mpira. Kwa hiyo waliona kitu ambacho hakikurushwa, kwa sababu uso wa mtu umewaambia kimerushwa. Sasa niambie kasi inaingilia wapi hapo.

Na usisahau kumbukumbu. Yule mama wa mia tano, mkutane naye sokoni wiki ijayo, atakwambia "hakuigusa kabisa ile hela, niliishika mwenyewe ikayeyuka mkononi kwangu." Hajadanganya, ndivyo anavyokumbuka. Mimi ndo nilimpandikiza, manake kabla ya kumalizia huwa narudia kwa mdomo kilichotokea huku naruka kale kasehemu kangu: "ulinipa hela, nikaiweka huku, sijaenda popote, sawa?" Anaitikia sawa. Akishaitikia, safari ya mfukoni kuchukua peni imefutika. Nusu ya mazingaombwe nafanya kwa mdomo, na hiyo hamna kupunguza mwendo kutakakokusaidia.

Nyingine fupi fupi.

"Unaficha kwenye mikono ya shati." Kwa joto la Ujiji? Navaa fulana. Ijayo.

"Mimi nina macho makali, nimesoma, hunipati." Nyie ndo nawapenda. Msomi anafuata maelezo kwa mpangilio, nikimwambia angalia hapa anaangalia hapa kwa nidhamu zote. Wanaonitesa ni watoto wadogo, kwa sababu hawajali naangalia wapi wala nauliza nini, yeye kaamua kuangalia mfuko ataangalia mfuko mpaka kesho. Na walevi, ambao hawasikilizi kabisa.

"Karata ulijua nitachagua ipi, unasoma akili." Sisomi kitu, mara nyingi karata nimekuchagulia mimi ukadhani umechagua. Panga karata nne mezani kwa mstari mwambie mtu asukume moja mbele, wengi sana wanasukuma ile ya tatu toka kushoto, iko karibu na mkono wa kulia basi. Halafu uhuru wenyewe wa kuchagua msiuamini kivile. Chuo Kikuu cha Lund Sweden, 2005, Petter Johansson na Lars Hall waliwaonesha watu picha mbili mbili, chagua sura unayoipenda zaidi, halafu kwa mbinu ya karata mbili zilizobanana wanamkabidhi picha ambayo hakuichagua wanamuuliza kwa nini umeipenda. Wengi hawakushtuka, wakaanza kutoa sababu, nimependa hereni zake, wakati aliyechaguliwa hana hereni. Mimi nikisoma hiyo nilicheka sana manake ndo maisha yangu kila Jumamosi.

"Karata tatu stendi ni kukazia macho tu." Hapa tafadhali sana. Yule jamaa anayewachezesha watu kwa hela waotee karata moja kati ya tatu, mkono mmoja kashika karata mbili, moja juu moja chini, na wewe kwa kawaida unategemea ya chini ndo itaanguka kwanza, yeye anaachia ya juu. Bila haraka yoyote. Tangu hapo uliikazia macho karata isiyo yenyewe, kadiri unavyokaza ndo unavyozidi kupotea. Na ukiona kuna mtu amekunja kona ya karata mwenye mchezo hajaona, ujue huyo ni wa kwao na hiyo kona utakuta imehamia karata nyingine. Wanaoshinda hapo wote ni wa kwao. Panda basi uondoke.

Halafu jini. Nilijua mnasubiri jini, Kigoma tena. Wapo wamama sokoni ukiwaomba noti ya elfu tano uifanyie mchezo wanaikumbatia, we kijana peleka chuma ulete yako huko. Wengine eti freemason. Mimi jini ningekuwa nalo nisingekuwa nagombana na kamati za harusi kulipwa nusu iliyobaki. Uingereza nao walikuwa huko huko, mpaka 1584 Reginald Scot akatoa kitabu anapinga uwindaji wa wachawi, na ndani akaeleza michezo ya sarafu na karata inavyofanyika, ili watu waache kudhani kila anayepoteza hela mkononi ana shetani.

Sasa hilo la jini silifanyii utani sana kwa sababu linaumiza watu huku vijijini. Kamchape, rambaramba, hao wanaojitangaza kwamba wanafichua wachawi, waite unavyowaita, wakiingia kijijini wanachangisha hela, wanaingia nyumba ya bibi wa watu, wanachimba chini ya kitanda, wanatoka na pembe au kibuyu, na bibi kuanzia siku hiyo ni mchawi. Kutoa pembe kwenye shimo ni ile ile mia tano ya nyati ila kwa upande wa pili, badala ya kupoteza unatokeza. Pembe inaingia na mkono, au na kitambaa, au na mfuko wa dawa, na inaingia wakati nyie wote mnamtazama mwenzake anayetetemeka na kupiga kelele pale mlangoni, manake yule anayetetemeka kazi yake ni hiyo. Shimo mnaanza kulikodolea kitu kikiwa kimeshafika. Naweza kukuchimbia pembe chini ya kitanda chako wewe unayesoma hapa, na mama mkwe akaapa aliona udongo haujaguswa.

Kwa hiyo wakija kwenu msishindane kukodoa macho. Wanaotetemeka wakae nje, mfuko ubaki nje, jembe liwe lenu, mchimbaji awe mtoto wa hiyo nyumba kavua shati, na yeye fundi asimame mbali na shimo mikono kichwani. Muone kama atakubali.