Njia ya mkato: kosa lililoanikwa na UVIKO-19 katika utafiti wa picha za kifua

Katika utafiti wa picha za kitabibu, njia ya mkato ni alama yoyote iliyomo kwenye picha ambayo huandamana na ugonjwa bila kuwa ugonjwa wenyewe. Programu ya akili mnemba (Wakenya husema akili unde) huishika alama hiyo na kuliacha pafu. Jibu linatoka sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Kosa hili lilijulikana kabla ya 2020. Janga lilikuja kulizalisha kwa wingi.

Chanzo kilikuwa haraka. Mapema 2020 eksirei za wagonjwa wa UVIKO zilikuwa adimu, hivyo zikaokotwa kwenye makala za majarida na kurundikwa katika hazina za wazi mtandaoni. Picha za kulinganishia, za wasio na UVIKO, zilikuwapo tayari: mkusanyo wa Guangzhou, China, uliotolewa 2018, wenye picha zaidi ya 5,800. Tatizo ni kwamba hao wa Guangzhou ni watoto wa mwaka 1 hadi 5, na wagonjwa wa UVIKO karibu wote walikuwa watu wazima. Mifupa ya bega la mtoto haijaungana, mbavu zake zimelala zaidi, na mara nyingi mikono imeinuliwa juu. Programu ikajizolea alama za juu kwa kumtenga mtoto na mtu mzima, kazi ambayo hata mlinzi wa getini angeiweza.

Umri si mtego pekee. Mgonjwa mahututi hasimamishwi mbele ya bamba linalopokea mionzi. Mashine ya magurudumu huletwa kitandani na mionzi hupita kutoka kifuani kwenda mgongoni, mkao uitwao AP. Moyo, kwa kuwa uko mbali zaidi na bamba, huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Anayetembea mwenyewe hupigwa akiwa wima, mionzi ikiingilia mgongoni: PA. Halafu kuna herufi za pembeni, L (kushoto) au R (kulia), ambazo kila hospitali huziweka kwa mtindo wake. Watafiti wa University of Washington walionyesha 2021 kwamba programu walizozichunguza zilitegemea herufi hizo na mkao wa mabega. Zilipopewa picha za hospitali nyingine, ufanisi ulishuka vibaya.

Hata faili lenyewe husema lilikotoka. Picha ya DICOM, muundo wa faili unaotumiwa hospitalini, yenye biti 12 ina viwango 4,096 vya kijivu. Ile iliyonakiliwa kwenye makala kama JPEG hubaki na 256, kingo zimekatwa, pengine na mshale wa mwandishi juu yake.

Hazina nazo zilikuwa zikimezana. Ukichanganya mbili bila kujua kuwa moja imeibeba nyingine, picha ileile huingia kwenye mafunzo ya programu na kwenye mtihani wake, sawa na kumpa mwanafunzi majibu usiku wa kuamkia mtihani. Timu iliyoongozwa na watafiti wa Cambridge ilipitia tafiti za programu kama hizi za Januari hadi Oktoba 2020: kati ya 2,212, ni 62 tu zilizovuka mchujo wa ubora, na hakuna hata moja iliyofaa kutumika kwa wagonjwa.

Kuna jaribio rahisi la kuinasa njia ya mkato. Funika mapafu kwa mstatili mweusi katika picha zote, fundisha programu upya, kisha ipime. Ikiendelea kutaja UVIKO kwa uhakika, ujue inasoma kingo.

Kinga huanza kwenye ukusanyaji. Wenye ugonjwa na wasio nao watoke hospitali ileile, mashine ileile, wiki zilezile. Gawanya kwa mgonjwa, si kwa picha, maana mtu mmoja anaweza kupigwa mara nne akiwa wodini. Mtihani wa mwisho ufanyike kwa picha za hospitali ambayo haikuchangia chochote kwenye mafunzo. Wa kulinganishia wanaofaa zaidi ni walioshukiwa wakakutwa hawana, kwa kuwa nao walipigwa picha katika hali ileile ya dharura. Hapo napo usiamini PCR (kipimo cha maabara cha kutafuta virusi) moja: sampuli ikichukuliwa vibaya au mapema mno, mgonjwa halisi huandikwa hana, na lebo hiyo potofu ndiyo programu itakayofundishwa.